Jina la Nekesa Latafuta Mwenyewe

Linah Nasike alikuwa na mwavuli mkubwa mweusi ambao hata siku moja haukuwahi kumkinga mvua. Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshachangamka juu ya Kimumu, aliufungua, akaupindua tumbo juu, akauingiza chini ya ua wa kayaba unaotenganisha ploti yake na ya jirani, kisha akaanza kuucharaza ua huo kwa mwiko wa zamani wa ugali. Majani makavu yalimwagika ndani ya mwavuli, pamoja na sisimizi na vijiti vyenye miiba. Linah akainama, akaanza kuchambua polepole kama anayetoa mawe kwenye mchele.

"Mama Linah," jirani yake Bridgit aliita kutoka upande wa pili, beseni la nguo likiwa kiunoni, "siku hizi mvua inatoka chini?"

"Natafutia mtu bibi," Linah akajibu bila kuinua kichwa.

"Kwa kayaba?"

"Pengine amejificha hapa. Si unajua sisi wanawake."

Bridgit alicheka mpaka beseni likataka kumponyoka. Alishamzoea. Lakini tusidanganyane, anayemwona Linah kwa mara ya kwanza akiupiga ua mwiko huwa anavuka barabara na kupita upande ule mwingine.

Mama huyu alikuwa mtaalamu wa maabara katika chuo kikuu kule karibu na Kesses. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuwapasulia wanafunzi vyura na kuwagandishia mende kwenye vigae vya kioo, na kuwasikiliza wakitapika dirishani. Aliifanya vizuri, lakini haikuwa kazi ya kumwamsha mtu akiimba. Ndipo alipokuja Daktari Kipkirui, mhadhiri kijana, mrefu kupita mlango, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kimo chake, akaja na mradi wa buibui warukao.

Hawa si wale buibui wa kutega utando pembeni na kungoja chakula kijilete. Hawa ni wawindaji. Ni wadogo, wengi hawafiki ukubwa wa punje ya mtama, na hunyemelea nzi ukutani kama paka, kisha hoop, wameshamrukia. Wana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa, meusi, yanayong'aa. Ukimsogelea, hakimbii mara moja. Anageuka mwili mzima, anakukazia macho, anakupima.

"Mdudu mwingine wewe unamwona tu," Linah alikuwa akiwaambia watu. "Huyu mnaonana."

Basi akanaswa. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza wa mradi ule, Linah alikuwa hawezi kupita karibu na ukuta bila kuukagua. Kazi yenyewe ilikuwa ya kutambua nani ni nani, maana buibui hawa ni wengi na wanafanana kiasi cha kuudhi. Rangi hudanganya. Ukitaka ukweli unaangalia umbo la ndani. Dume ana vikono viwili mbele ya mdomo, na kwenye ncha ya kila kimoja kuna kifaa mfano wa ufunguo. Jike ana kufuli yake chini ya tumbo. Ufunguo wa aina hii haufungui kufuli ya aina ile, na hivyo ndivyo wataalamu wanavyojua kwamba hawa ni watu mbalimbali. Kazi ya Linah ilikuwa kukata kufuli hizo kwa sindano chini ya hadubini, kuzisafisha mpaka ziangaze, na kuzichora.

Siku moja kanisani, kwenye mchango wa kuezeka jumba la vijana, kila mtu alitakiwa asimame ajitambulishe na aseme kazi yake. Linah akasimama akasema kwa fahari kwamba yeye huangalia sehemu za siri za buibui. Mchungaji alikohoa, akasema asante sana Mama, akamgeukia haraka aliyefuata.

Njia ya pili ya kutambua ilikuwa DNA. Kwa njia hiyo unakata mguu mmoja tu, unauweka kwenye spiriti kali, na mashine inasoma vinasaba vilivyomo. Miguu ikishasomwa yote, kompyuta inachora mti wa ukoo kuonyesha nani ni ndugu wa nani, nani ni binamu, na nani amejipachika kwenye familia isiyo yake. Daktari Kipkirui alipenda mti, Linah alipenda kufuli, na walibishana kwa raha wakinywa chai kwenye ngazi za nyuma ya maabara.

Sasa, yule aliyekuwa akitafutiwa bibi.

Linah alimwona kwenye nguzo ya geti lake mwenyewe, siku aliyokuwa akitafuta funguo kwenye mkoba. Dume. Uso mwekundu pyu, mistari miwili myeupe mgongoni, na miguu ya mbele yenye manyoya. Alikuwa akicheza peke yake kwenye jiwe la nguzo hiyo, akiinua miguu hiyo juu, akienda kushoto, akirudi kulia, akitetemesha tumbo, na hapakuwa na yeyote wa kutazama isipokuwa Linah. Linah alisahau funguo. Alipomaliza kumtazama alikuwa amemkamata kwenye kichupa, maana hakuna siku alitoka nyumbani bila vichupa.

Daktari Kipkirui alimchungulia kwenye hadubini, akachungulia tena.

"Madam Linah, huyu simjui."

"Hata mimi simjui."

"Hayuko kwa vitabu vyote nimeona. Ikiwa ni mpya kweli, wewe ndiye umempata. Jina utachagua wewe."

Akasema vile kwa urahisi, kama mtu anayesema chukua mandazi. Hakujua amegusa wapi.

Mama yake Linah aliitwa Nekesa. Alikuwa mwanamke mdogo, mweusi, mwepesi, asiyekaa. Ukimwachia kiti anakipangusa na kumpa mwingine. Alikufa zamani kidogo, na kwa Wabukusu jina la aliyekufa huwa linarudi nyumbani. Mtoto akizaliwa akalia bila kunyamaza, wazee huketi karibu naye wakataja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na likitajwa lile lake, ananyamaza. Lakini Linah hakujaliwa mtoto. Kaka zake wawili walijaliwa wavulana, na wavulana wale nao wakazaa wavulana, tena wengi, wazuri, wenye kula. Hakuna hata binti mmoja wa kuitwa Nekesa. Jambo hilo lilimkaa Linah moyoni kama jiwe. Hakuwa akimlilia tena mtoto aliyekosa kumlea, hilo alishalimaliza na Mungu wake. Alichoogopa ni kwamba siku yeye na mama yake mdogo watakapoondoka, hakutakuwa na kinywa duniani kitakacholitamka jina la mama yake.

Mama mdogo huyo, Nanzala, alikuwa ndiye aliyelichokonoa jiwe lile kila mara. Aliishi Huruma, kwenye chumba cha kupanga cha mabati na mbao, akiuza omena na samaki wakavu mlangoni pake. Alikuwa mwanachama wa kina mama wa kanisa na sauti ya kwanza kwenye kwaya, lakini mambo ya majina hakuyaachia kwaya.

"Nekesa bado anatembea tu," alikuwa akimwambia Linah, akimmiminia chai. "Hana pa kukaa. Juzi nilimwota amesimama nje, amebeba kapu."

Kwa hiyo siku Linah alipokwenda kumwambia kwamba amempata mtu wa kubeba jina, Nanzala aliweka birika chini.

"Msichana wa nani?"

"Si msichana, Mama. Ni buibui."

Nanzala akacheka kicheko cha kutoka tumboni, akajipiga mapaja, akamwita Mungu, akapangusa machozi kwa ncha ya leso. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa:

"Litaandikwa?"

"Litaandikwa. Kwa vitabu vya dunia nzima. Hata Wachina watalisoma."

"Na haliwezi kufutwa?"

"Akishapewa, ni lake mpaka mwisho wa dunia."

"Basi mpe," Nanzala akasema. "Nekesa hakuwahi kuogopa wadudu."

Kuanzia hapo Linah hakuweza kujizuia. Aliwaambia kina mama wa kanisa. Alimwambia Bridgit. Alimwambia dereva wa basi la wafanyakazi, ambaye alidhani ni habari ya mjukuu akampa hongera. Lilibaki jambo moja la kukamilisha, nalo ni bibi. Kila dume aliyepatikana alikuwa na uso mwekundu, wa pili, wa tatu, wote ukutani, wote wakicheza ngoma ile ile isiyo na mtazamaji. Jike hakuonekana. Ndiyo maana ya mwavuli na mwiko. Na kila alipoupiga ua wa kayaba, walianguka buibui wa kijivu, wanono, wasio na mapambo, aina iliyojulikana zamani na kupewa jina na mzungu fulani aliyepelekewa jike mmoja kwenye chupa. Linah aliwatia kwenye kichupa cha kulinganishia akinung'unika.

"Nyinyi tena," aliwaambia. "Nani amewaita?"

Mti wa ukoo hauchorwi kwa mtu mmoja. Unahitaji majirani na jamaa wa mbali wa kusimama kando ili ionekane nani yuko wapi. Kwa hiyo mguu wa Uso Mwekundu ulikwenda kusomwa pamoja na miguu ya wale wa kijivu, na ya wengine kutoka mashamba ya Kesses, na wa kibuibui kimoja kichanga cheusi ambacho Linah alikichukua ukutani kwa Nanzala siku alipokwenda kula ugali. Hicho walikiandika tu kama yule wa nyumbani wa kila siku, anayepatikana kila mji. Kilikuwa kidogo bado, hakijapata hata kufuli ya kuchora.

Majibu yalikuja siku ya mvua ya mawe, mabati ya maabara yakipiga kelele mpaka ikabidi watu wapige kelele pia.

"Madam, kaa kwanza!" Daktari Kipkirui alisema, kompyuta mkononi.

"Nikae kwani nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Kuna mtu ameoa!"

Akamwonyesha. Pale kwenye mti, Uso Mwekundu hakuwa peke yake kwenye tawi lake kama walivyotarajia. Alikuwa katikati ya wale wa kijivu wa kayaba, amebanana nao kabisa, vinasaba vyao ni kitu kimoja. Yule bibi aliyetafutwa kwa mwavuli na mwiko alikuwa akianguka kila Jumamosi, na kila Jumamosi akitukanwa.

Linah alirekebisha miwani yake. Alikwenda kwenye droo, akatoa michoro yake miwili, ufunguo wa Uso Mwekundu na kufuli ya wa kijivu, akaiweka sambamba mezani. Kwenye ncha ya ufunguo kulikuwa na uzi mwembamba uliojizungusha na kujizungusha. Ndani ya kufuli kulikuwa na mfereji mwembamba uliojizungusha vivyo hivyo. Alikuwa amevichora yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa siku mbalimbali, akimwangalia mmoja kama bwana arusi na mwingine kama takataka za mwavuli.

"Yesu wangu," akasema. "Uzuri wa huyu mwanaume ulinifunga macho."

Akacheka. Daktari Kipkirui naye akacheka kwa sauti yake ndogo, na kwa muda walikuwa wenye furaha kweli, maana jambo lililokuwa gizani limetoka nje, na katika kazi yao hakuna raha inayopita hiyo. Aina moja ilikuwa imejulikana nusu tu miaka yote hiyo, na sasa imepata mume. Kisha Linah akakumbuka.

"Na jina?"

Kijana akaikuna shingo yake. "Wa kijivu ana jina lake tayari, Madam. La zamani ndilo linabaki. Mume atachukua jina la bibi."

"Ati mwanaume ndiye anaolewa."

"Sheria ni hiyo."

Linah aliirudisha michoro kwenye droo, akaifunga polepole. Alikwenda kuosha vigae vya kioo ambavyo vilikuwa safi. Alilia kidogo pale kwenye sinki, akimpa mgongo Daktari, na mvua ya mawe ikamfanyia hisani ya kupiga kelele. Hakulia kwa sababu ya buibui. Alikuwa amemwona mama yake amefika mlangoni na kapu lake, na sasa alikuwa akimwona akigeuka kurudi.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kumwambia Nanzala. Alijikaza, akaenda Huruma Jumapili baada ya kanisa, akakaa kwenye kiti kile kile, akaeleza kila kitu mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye kikombe. Nanzala alisikiliza huku akichambua omena kwenye ungo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyo wa uso mwekundu. Ni mwanaume?"

"Ndiyo, Mama. Dume."

"Umesema dume?"

"Dume."

Nanzala akauweka ungo chini. "Nasike! Wewe umesoma mpaka macho yakaingia miwani, unaenda kumpa mwanaume jina la mama yako?"

Linah aliweka kikombe chini.

"Mwanaume wa kujipaka rangi! Wa kucheza kwa geti bila kazi! Halafu unashangaa jina limekataa? Nekesa amekataa mwenyewe! Mimi ningekuwa yeye ningekataa mara mbili!" Alikuwa amesimama sasa, mikono kiunoni, na macho yake yalikuwa yanacheka ingawa sauti ilikuwa inagomba. "Na ulimwuliza? Ulimtajia jina lake akiwa mzima, ukaona kama anakubali? Ama ulienda tu ukamwandika, kama chifu anaandika kitambulisho?"

Linah alijaribu kueleza utaratibu wa kisayansi. Hakufika mbali. Kicheko kilimpanda kikamkata katikati ya sentensi, na wakacheka wote wawili mpaka jirani wa upande wa pili wa mbao akagonga kuuliza kuna heri gani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua ya mawe Linah kupumua mpaka chini.

Simu yake ililia wakiwa bado wanajipangusa. Alikuwa Daktari Kipkirui.

"Madam, nimerudi kwa ule mti. Kile kitoto cheusi ulichukua Huruma. Umeangalia mahali kimekaa?"

"Si ni yule wa kila siku?"

"Hapana. Wa kila siku wako upande ule. Hiki kiko peke yake, mbali na kila mtu. Lakini DNA ya kitoto kimoja haitoshi, itabidi tuone umbo. Tunataka mkubwa. Tunataka jike."

Linah aliinua macho akautazama ukuta wa mama yake mdogo, mbao zilizobandikwa magazeti ya zamani na kupakwa moshi wa miaka. Nzi wa omena walikuwa wengi, na penye nzi huwa pana mwindaji.

"Njoo Huruma," akasema kwenye simu. "Nitakuelekeza."

Daktari Kipkirui aliingia akiwa ameinama, na hata baada ya kuingia hakuweza kunyooka. Nanzala alimpa chai, akamuuliza kama anaweza kuangalia goti lake la kushoto. Alipoambiwa kwamba huyu si daktari wa magoti, akasema hata hivyo aangalie. Kijana akaliangalia kwa heshima zote, akasema linaonekana goti zuri.

Kisha wakawinda. Ulikuwa msako wa kuchekesha, watu wazima watatu katika chumba ambacho kitanda kimechukua nusu. Linah alipapasa mbao kwa ncha ya karatasi. Daktari alisogeza magunia ya samaki, akagonga kichwa, akaomba msamaha kwa boriti. Nanzala alipanda kwenye kiti kwa ule wepesi wa ukoo wao, akafagia juu ya kabati kwa ufagio mdogo, na vumbi la unga, moshi na samaki wakavu likajaa chumbani. Na hapo, kutoka nyuma ya kalenda ya kanisa, akatokea. Mdogo, mweusi, hana pambo lolote mwilini. Akapita mbio, akasimama, akaruka kwenye kifuniko cha sukari, akaruka tena kwenye kikombe, na Linah akamfunika kwa bilauri.

"Jike," akanong'ona, miwani ikigusa kioo. "Tena mkubwa. Ona tumbo."

Daktari alishaanza kufungua kichupa cha spiriti, lakini Nanzala aliweka mkono juu yake.

"Wewe ngoja. Hiyo pombe yako ingoje. Safari hii tutamuuliza kwanza."

"Mama," Linah akasema, "huyu ni buibui."

"Kwani wewe ndiye ulileta habari ya buibui hapa kwangu, si mimi. Kaa."

Linah akakaa. Daktari Kipkirui naye akakaa, kwenye gunia, magoti yakifika masikioni.

"Hata kwetu tunafanya hivyo," akasema kwa adabu. "Wanaita majina ya wazee mpaka mtoto apige chafya. Hapo wanajua."

"Sisi hunyamaza," Nanzala akasema. "Nyinyi Wakalenjin ni watu wa kelele."

Akaisogelea bilauri. Ndani yake buibui alikuwa akizunguka kwenye ukingo, mbio, bila kusimama, akitafuta njia. Nanzala akaanza kutaja, taratibu, kwa sauti ile ya kwaya aliyoipunguza.

"Nanyama."

Buibui alizunguka.

"Nabwile."

Akazunguka.

"Nafuna. Namalwa. Kuku Nabalayo." Hao walikuwa mama wakubwa na nyanya wa ukoo, maana kuku kwa Kibukusu ni nyanya, na wengine Linah hakuwahi kuwasikia. Buibui hakujali. Alipanda kioo, akateleza, akaanza upya. Linah aligundua kwamba amebana mikono yake katikati ya magoti, na kwamba moyo wake, moyo wa mtaalamu wa maabara mwenye cheti ukutani, ulikuwa unapiga kama wa msichana anayengoja matokeo ya mtihani.

Nanzala akainama. Akasogea karibu zaidi.

"Nekesa."

Buibui akasimama. Akageuka mwili mzima, akainua kichwa, akayaelekeza yale macho mawili makubwa meusi moja kwa moja kwenye uso wa mwanamke aliyemwita.

Na wakati huohuo Daktari Kipkirui, ambaye vumbi lilikuwa likimtekenya tangu lilipofagiliwa, akapiga chafya iliyotikisa mabati.

Nanzala akapiga kigelegele, kirefu, cha arusi kabisa, na milango ya jirani ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Linah alijua vizuri kuliko mtu yeyote chumbani kwamba buibui hawa hugeuka kumtazama kila anayewasogelea, na kwamba anayefagia kabati la muuza samaki lazima atapigisha mtu chafya. Alijua. Alikuwa akilia na kucheka, akimkumbatia mama yake mdogo, na wala kujua kwake hakukumpunguzia chochote.

Sayansi nayo ilipewa haki yake. Jike wa pili na wa tatu walipatikana kwenye vyumba vya jirani, na dume mmoja, mweusi tu kama wao, asiye na makuu. Linah alizikata kufuli, akazisafisha, akazichora kwa mkono usiotetemeka, na hazikufanana na kufuli ya mtu yeyote. Umbo likasema sawa na vinasaba. Karatasi ya kisayansi ikaandikwa, ikarudishwa na maswali, ikajibiwa, ikatoka. Jina likawa pale, kwa herufi za mlalo, Nekesa aliyetiwa kijimkia cha Kilatini, wa Huruma, Eldoret. Linah alilisoma kwenye skrini, akalisoma tena kwa sauti, akampigia simu dereva wa basi kumwambia kwamba mjukuu ameandikishwa.

Alasiri moja baada ya hayo alikwenda Huruma kumpelekea Nanzala nakala iliyotiwa kwenye fremu. Mvua ilianza kudondoka alipokuwa akiingia kwenye kichochoro, na alikuwa na mwavuli wake mkubwa mweusi kwapani. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya mama yake mdogo ndani, ikigomba.

"Nekesa! Toka kwa kifuniko cha sukari! Huoni nataka kupika chai? Kila mahali ni wewe, hukai hata kidogo! Haya, pita. Pita basi, mama."

Linah alisimama. Mvua ilimwangukia kichwani, ikamtiririka kwenye miwani, na hakuufungua mwavuli. Hakuwa amelisikia jina lile likigombezwa hivyo, kwa mapenzi, ndani ya nyumba yenye chai motoni, tangu alipokuwa msichana mdogo.

"Hodi," akasema mwishowe.

"Ingia, Nasike," Nanzala akajibu. "Tuko hapa sisi wawili."